Mabati ya Beetle si urembo

Katika makala yako ya Beetle, oili umeieleza vizuri, ila mabati ya injini umeyaruka. Beetle ya zamani haina rejeta. Feni ndiyo inayopuliza silinda, na yale mabati meusi huielekeza hewa. Kuna mafundi hapa Morogoro wanayang'oa na kuyatupa kabisa! Mpira unaozunguka injini nao ukichakaa, feni huvuta tena hewa ya moto kutoka chini. Na wanaosema gari hili haliwezi joto letu wajue kwamba lilishinda Safari Rally ya 1962. Ukipanda mlima wa Morningside, punguza gia mapema: ukiing'ang'ania gia kubwa, injini inalemewa na feni inazunguka polepole. Taa ya chaji ikiwaka, zima injini palepale, huenda mkanda umekatika. Beba wa akiba na spana yake.