Picha yenye Giza: Kufichua si Kubuni

Pana imani iliyoenea miongoni mwa vijana kwamba picha iliyopigwa penye mwanga hafifu si hasara tena, kwa kuwa kompyuta itaitengeneza. Imani hiyo ni kweli nusu tu, na nusu iliyobaki ni hatari kwa elimu ya sayansi. Programu ya kuhariri picha haileti mwanga ambao haukuingia katika kamera. Hukuza ule uliokwisha kunaswa. Mwanafunzi asiyeijua tofauti hiyo ataishia kuuita ushahidi kitu kilichobuniwa na mashine.

Sababu yake imo katika fizikia. Ndani ya kamera ya kisasa mna kihisi chenye mamilioni ya sehemu ndogo mno, na kila moja hupokea chembe za mwanga ziitwazo fotoni. Fotoni hufika kwa nasibu, na kadiri ya kuyumba kwa hesabu yake ni kipeuo cha pili cha idadi yenyewe. Zikifika 10,000, hesabu huyumba kwa 100 hivi, yaani asilimia 1. Zikifika 100 tu, huyumba kwa 10, yaani asilimia 10. Kuyumba huko ndiko kunakoonekana kama chengachenga katika picha yenye giza. Programu ikiikuza picha hiyo, hukuza umbo na chenga kwa pamoja, wala uwiano wake haubadiliki.

Namna ya kuhifadhi picha nayo ina athari. Faili ya kawaida ya JPEG ina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi, kuanzia 0 hadi 255. Ikiwa uso wa mtu umebanwa kati ya 0 na 15, ngazi zilizopo ni 16 tu. Zikitandazwa, shavu lililopaswa kufifia polepole litaonekana lina mabaka. Faili ghafi yenye biti 14 ina ngazi 16,384, na kwa hiyo huvumilia zaidi. Lakini penye sifuri, hata ikizidishwa mara elfu, jibu ni sifuri.

Jambo hili linawahusu sana wanafunzi wa Afrika. Kipimamwanga cha kamera hukadiria kana kwamba mandhari yote kwa wastani ni ya kijivu. Mwanafunzi mwenye ngozi nyeusi akisimama mbele ya ukuta uliopakwa chokaa wakati wa adhuhuri, weupe wa ukuta huifanya kamera ipunguze mwanga, na uso wake humezwa na giza. Kamera nyingi za leo hujaribu kulisahihisha kosa hilo kwa kuitambua sura ya mtu, ila si kila mara hufaulu. Dawa iliyo bora ni kumsogeza mtu kivulini au kuiongezea kamera mwanga kabla ya kupiga. Kuhariri ni msaada wa baadaye tu.

Msaada huo una kanuni zake. Yafaa kuichunguza kwanza histogramu, ambayo ni mchoro wa mgawanyo wa ngazi za mwanga, kisha kuziinua sehemu za giza kwa mstari wa mkunjo bila kuziunguza zile angavu. Programu ya GIMP, iliyotolewa kwa umma mwaka 1996, hufanya kazi hiyo bila malipo. Nakala ya asili haina budi kuhifadhiwa bila kuguswa.

Hatari kubwa zaidi imo katika programu mpya zitumiazo akili unde. Hizi hukisia: hujaza giza kwa maumbo zilizojifunza kutoka picha nyingine. Katika picha ya harusi, pengine hakuna atakayedhurika. Katika picha ya seli iliyopigwa kwa hadubini, ukuta wa seli uliobuniwa ni uongo. Si ajabu kwamba jarida la Journal of Cell Biology lilianza mwaka 2002 kuzikagua picha za makala lililoyakubali. Kurekebisha mwanga wa picha nzima kwa usawa hukubalika, lakini kuongeza au kuficha kitu hakukubaliki.

Wako watakaosema kwamba shule nyingi hazina kompyuta za kutosha, na kwamba somo hili ni anasa. Lakini somo lenyewe halihitaji zaidi ya ubao na chaki. Mwalimu aandike 0, 2, 3 na 5, awaagize wanafunzi wazidishe kila namba kwa 20, kisha awaulize ni kipi kilichoongezeka na ni kipi kilichopotea moja kwa moja. Atakayelielewa jibu hilo atajua kupiga picha vizuri zaidi, na katika kila ripoti ya maabara ataeleza bila kuficha alichokirekebisha. Uaminifu huo ndio unaoipa picha hadhi ya kuwa ushahidi.