Mkwanja wa Daktari wa Ngozi: Mbona Mmoja Ameomoka na Mwingine Yuko Kwa Mgomo?

Ukiona vile watu wa tao wanalipia kutolewa chunusi na madoa, utadhani kila daktari wa ngozi Kenya ameomoka. Tulia kwanza. Hii hesabu iko na kona.

Safari ni ndefu

Udaktari ni miaka 6 ya chuo, halafu mwaka mmoja wa mafunzo kazini. Hapo bado wewe ni daktari wa kawaida. Ukitaka kuwa spesheliti wa ngozi, unarudi darasani miaka mingine kadhaa. Kuna wanaovuka hadi Moshi, Tanzania, kwa kituo cha kanda cha kufunza madaktari wa ngozi kilichofunguliwa pale KCMC 1992. Maboyz mliomaliza nao sekondari washapata gari, wewe bado unafanya mtihani.

Serikali hailipi ngozi, inalipa ngazi

Hospitali ya umma haina mshahara wa ngozi. Unalipwa kulingana na kundi lako la kazi, plus marupurupu. Wa ngozi na wa macho wakiwa ngazi moja, mshahara wa msingi ni ule ule. Na tangu afya iende kaunti 2013, gavana wako akichelewesha mshahara, utaomba landlord subira.

Hata hiyo ngazi hupiganiwa. Mkataba wa 2017 ulisema daktari mwanagenzi apate Sh206,400 kwa mwezi. Serikali ikaja na Sh70,000. Hiyo ni moja ya sababu madaktari waligoma siku 56 mwaka wa 2024.

Doh iko private

Ukifungua kliniki, kila mgonjwa analipa kuonwa. Halafu kuna kugandisha chunjua, leza, kupunguza makovu. Urembo ndio unaleta pesa ya haraka, juu bima nyingi haziugusi, so mteja anatoa mfukoni. Lakini usisahau mashine ya leza ni ghali, rent haingoji, na wafanyakazi wanataka chao. Jina pia ni mtaji: wateja wakikuamini, wanaambiana.

Nani anaumia?

Hapa ndio kuna shida. Pesa ikiwa Nairobi na kwa urembo, ni nani atabaki Mandera kutibu upele wa mtoto? Mtu wa mtaa anaenda kemisti, anauziwa krimu ya steroidi, anapaka uso miezi hadi ngozi inakuwa nyembamba. Mwingine ananunua ya kujichubua yenye zebaki, ilhali imepigwa marufuku. Akifika kwa spesheliti, ngozi imeshaharibika na bili imepanda.

So swali si tu daktari wa ngozi anapata ngapi. Ni nani anamlipa, na wapi. Kaunti zikilipa vizuri na kwa wakati, wengine watakubali kutoka Nairobi. Zisipolipa, tutaendelea kutibiwa ngozi na muuza krimu.

Wewe unaonaje, spesheliti anayekubali kwenda mashinani aongezwe doh?