Msusi wa Kiondo Naye ni Mbunifu

Wahenga walinena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kiondo cha Ukambani kimethibitisha ukweli wa methali hiyo, kwani kimejiuza kutoka Machakos hadi Ulaya, Marekani na Japani. Hata hivyo, methali hiyo haisemi lolote kumhusu aliyekitengeneza. Kiondo kimepata jina. Msusi wake hana.

Katika eneo la Kola, kusini mwa mji wa Machakos, kama ilivyo kwingineko Ukambani, usukaji ni kazi ya wanawake ifanywayo sambamba na kilimo na malezi. Majani ya mkonge hukwanguliwa ili kupata katani. Katani husafishwa, hukaushwa na kutiwa rangi, kisha husokotwa pajani hadi iwe uzi. Msusi huanzia kitakoni, akipitisha mshindio kati ya nyuzi za mtande, mzunguko baada ya mzunguko, hadi afike mdomoni. Mistari na mapambo hayakuchorwa popote. Msusi huyahesabu kichwani. Kiondo kimoja chaweza kuchukua wiki kadhaa, maadamu husukwa katika saa zinazosalia baada ya shamba na jiko.

Je, anayeyafanya hayo aitweje? Aghalabu huitwa "fundi wa mikono" au "mama wa kikundi". Jina la "mbunifu" huwekewa yule wa mjini anayekinunua kiondo hicho, akakitia mishipi ya ngozi na kibandiko chenye jina lake. Hapana ubaya katika mishipi hiyo, kwani huongeza thamani. Ubaya umo katika kudhani kwamba ubunifu huanzia kwenye ngozi. Aitwaye fundi hulipwa ujira wa fundi. Aitwaye mbunifu hulipwa bei ya ubunifu. Hivyo basi, suala la istilahi ni suala la riziki.

Wapo watakaodai kuwa kiondo ni mali ya jamii nzima, kwa hiyo hakimstahiki mtu mmoja. Hoja hiyo ina uzito wake kisheria. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Kifungu cha 11, inaliagiza Bunge kutunga sheria ya kuhakikisha kuwa jamii zinafidiwa kwa matumizi ya tamaduni zao, na sheria ya kulinda maarifa ya jadi ilipitishwa mwaka 2016. Lakini umiliki wa jamii haufuti mchango wa mtu binafsi. Umbo la shairi la mishororo minne ni mali ya Waswahili wote. Hata hivyo, hakuna mhadhiri anayesita kulitaja jina la Muyaka bin Haji. Hata katika Ukambani kwenyewe, historia ya uchongaji wa vinyago humtaja Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyeianzisha biashara hiyo baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Iweje mchongaji akumbukwe kwa jina, na wasusi wakumbukwe kwa jumla?

Tangu Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, wengi wamehimizwa kurejea kwenye vikapu na viondo. Wito huo ni mwema, ila hautoshi. Mnunuzi anayetaka kweli kuwaunga mkono wabunifu wa nyumbani hana budi kuuliza ni nani aliyesuka, na amepata kiasi gani.

Wanafunzi wa Kiswahili nao wana wajibu. Kiswahili kimelipokea neno "kiondo" kutoka kwa lugha jirani, ikiwemo Kikamba, kinachokiita kyondo, lakini msamiati wa kazi yenyewe haujakusanywa ipasavyo. Majina ya mishono, ya mapambo na ya mimea ya rangi yangali vinywani mwa wazee. Tasnifu moja inayoyakusanya, na kuwataja kwa ridhaa yao waliosimulia, ingekuwa na manufaa kuliko hotuba nyingi za kusifu utamaduni. Kibandiko chenye jina la msusi ni kitu kidogo. Kola ina haki ya kukidai.