Mashine Hununuliwa, Ufundi Hujengwa

Kila tusikiapo habari za kiwanda kipya, watu huuliza mashine zake zatoka nchi gani na zina nguvu kiasi gani. Ni maswali mema, lakini lipo lililo kubwa zaidi: siku mashine hizo zitakaposimama, ni nani atakayezifungua? Wananchi wa Kibaha na Kisarawe wana haki ya kuuliza hivyo kuliko wengi, maana wameyaona kwa macho yao katika zao la korosho.

Katika miaka ya 1970 Serikali ilikopa fedha Benki ya Dunia ili kujenga viwanda vya kubangua korosho. Pamoja na vile vilivyotangulia Dar es Salaam, viwanda hivyo vilizidi kumi, na kimoja kiliwekwa Kibaha. Mashine zilitoka Italia na Japani, nazo kwa jumla ziliweza kubangua zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka. Kusudi lilikuwa jema kabisa. Kwa nini mkulima wa Kisarawe auze korosho ghafi, na ujira wa kuibangua uende kwa mfanyakazi wa India?

Lakini kiwanda hakili chuma, hula mavuno. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani 145,000 hivi. Kisha watu wakahamishiwa vijijini, mikorosho yao ikabaki mbali, ikamezwa na vichaka. Bei aliyolipwa mkulima ilikuwa ndogo, na ugonjwa wa ubwiriunga ukaunguza maua. Msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa yameshuka hadi tani 16,500 hivi. Mashine zilikuwapo, cha kubangua hakikuwapo.

Tena korosho si mahindi. Ganda lake lina mafuta makali yachomayo ngozi, na kiini chake huvunjika upesi. Mashine zile kubwa zilivunja viini vingi kuliko mikono ya akina mama wa Kerala, na kiini kilichovunjika bei yake ni ndogo. Kipuri kilipoharibika, hakina budi kuagizwa ng'ambo kwa fedha za kigeni, na katika miaka ya 1980 fedha hizo zilikuwa adimu. Papo hapo Kibaha, kiwanda cha TAMCO kilichounganisha malori ya Scania kilipata shida iyo hiyo: vipande vya kuunganisha vilitoka Sweden, na bila fedha za kuviagiza kazi ilipungua.

Baadaye viwanda vya korosho viliuzwa, na vingi viligeuzwa maghala.

Sasa na tuitazame Vietnam. Nchi hiyo iliingia katika biashara ya korosho baada yetu, ikitoka katika vita vikali. Ilianza na vifaa vidogo vya kubangulia kwa mkono na mguu. Mafundi wake wakavifungua, wakavirekebisha, wakatengeneza vyao, hata wakafika kwenye mashine zijiendeshazo zilizoundwa kwao. Tangu mwaka 2006 Vietnam imeongoza ulimwengu kwa kuuza viini vya korosho, na sehemu kubwa ya korosho inazobangua hutoka Afrika, yetu ikiwamo.

Wako wasemao kwamba tukosacho ni mtaji. Hatukatai kwamba mtaji wahitajika. Lakini Kibaha mtaji ulikuja, na jengo likajengwa. Kilichokosekana ni karakana ya kuchonga vipuri, na fundi mwenye idhini ya kuibadili mashine ili ifae korosho yetu. Mashine isiyobadilishwa na wanaoitumia huanza kuchakaa tangu siku ya kufunguliwa kwake.

Kwa hiyo twasema mambo matatu. Kwanza, mkataba wowote wa kununua mitambo uwe na michoro yake, karakana yake, na mafunzo ya vijana wetu. Pasipo hayo, tumenunua chuma tu. Mafundi wa SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973, wamekwisha kutengeneza mashine ndogo za kubangulia. Wapewe kazi, si sifa tu. Pili, wakuu wa viwanda wamsikilize mfanyakazi. Yeye asimamaye mbele ya mashine saa nane kila siku ndiye ajuaye mahali inapokwama, na akipata njia ya kuiondoa kasoro hiyo, alipwe kwa ajili yake. Tatu, mkulima alipwe bei ya haki na kwa wakati, kwa maana kasi ya kiwanda huanzia chini ya mkorosho.

Nanyi wafanyakazi, msingoje kuambiwa. Jifunzeni mashine mnazozishika, ulizeni, andikeni mnayoyaona, mkawafundishe wanaowafuata. Wazee wetu walinena kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Korosho za Pwani bado zapakiwa melini zikiwa na maganda yake. Tusipoanza na karakana, wajukuu wetu watazipakia vivyo hivyo.