Ulinzi wa Mitambo ya Nyuklia: Kikulacho ki Nguoni Mwako

Panapotajwa habari ya kujenga mtambo wa umeme wa nyuklia, swali moja huulizwa na wananchi karibu kila mahali: je, mtu mwenye nia mbaya akiingia mle, itakuwaje? Mara nyingi wakubwa wa mitambo hujibu kwa kutaja unene wa kuta za zege, idadi ya askari na urefu wa nyua. Maoni ya mwandishi wa makala haya ni kwamba swali hilo ni la haki, na kwamba jibu hilo halitoshelezi. Matukio ya miaka iliyopita yanaonyesha kuwa hatari haivunji ukuta kila mara. Pengine hupita langoni mchana, imevaa kitambulisho cha kazi.

Yafaa kwanza tutenge hofu isiyo na msingi na ile iliyo na msingi. Kinu cha umeme hakiwezi kulipuka kama bomu la atomiki. Katika vinu vilivyo vingi, urani inayotumika huwa na asilimia 3 hadi 5 tu ya urani 235, yaani ile aina inayopasuka kwa urahisi, hali bomu huhitaji kiasi kinachokaribia asilimia 90. Hofu yenye msingi ni ya joto. Kinu kikizimwa, fueli yake haipoi papo hapo. Mara tu baada ya kuzimwa hubaki joto la kiasi cha asilimia 6 ya nguvu yake yote, na ingawa baada ya siku moja joto hilo hushuka chini ya asilimia 1, bado ni jingi mno kuachwa bila maji ya kupoza. Pampu zikisimama, fueli huyeyuka na mionzi yaweza kutoka nje.

Basi mwenye nia mbaya hana haja ya kukigusa kinu chenyewe. Yamtosha kukata umeme unaoendesha pampu. Huko Fukushima, Japani, mwezi Machi 2011, wimbi la tsunami lilizima jenereta za dharura, na viini vya vinu vitatu vikayeyuka. Yaliyotendwa na bahari yaweza kutendwa na binadamu. Tangu majeshi ya Urusi yalipouteka mtambo wa Zaporizhzhia nchini Ukraine mwezi Machi 2022, mara kadhaa nyaya zinazouletea umeme kutoka nje zimekatika kwa sababu ya vita, ikabidi jenereta za dizeli zishike kazi ya kupoza.

Lakini vita huonekana kwa macho. Tuangalie hatari isiyoonekana. Mtambo wa Koeberg, ulio kiasi cha kilometa 30 kaskazini ya Cape Town, ndio wa kwanza wa aina yake barani Afrika. Mwezi Desemba 1982, ulipokuwa ungali unajengwa, mabomu manne yalilipuka ndani yake. Aliyeyatega, Rodney Wilkinson, alikuwa mfanyakazi wa mahali pale. Alichukua ramani za mtambo, akazipeleka kwa wapigania uhuru wa chama cha ANC, kisha akarudi kazini na kuyaingiza mabomu kwa siri. Wao walikuwa wakipigana na utawala wa kibaguzi, na walichagua wakati ambapo kinu kilikuwa hakijatiwa fueli. Hakuna aliyeuawa, wala mionzi haikutoka. Hata hivyo, kwa mwanasayansi, somo ni lile lile: serikali iliyojisifia ulinzi wake ilishindwa na mtu iliyemfungulia lango yenyewe. Lau angekuwa mtu asiyejali maisha ya watu, na kinu kikiwa kinawaka, tungekuwa tunasimulia mambo mengine.

Wala haya si ya nchi yenye mapambano peke yake. Katika mtambo wa Doel nchini Ubelgiji, mwezi Agosti 2014, mtu fulani alifungua vali na kumwaga kiasi cha lita 65,000 za mafuta ya kulainisha mashine. Tabo kubwa ya kuzalisha umeme iliharibika, na kinu cha nne kikasimama hadi Desemba. Wachunguzi waliona kuwa hilo ni tendo la makusudi, na shaka ikawaangukia watu wa ndani. Wahenga walikwisha kutuonya kuwa kikulacho ki nguoni mwako.

Kutokana na mifano hii, ulinzi hauna budi kuanzia kwa watu. Mtu mmoja asiachwe peke yake mahali nyeti. Wawe wawili, kila mmoja shahidi wa mwenzake. Uchunguzi wa tabia usiishie kwa kibarua na fundi, bali umfikie mkurugenzi pia. Na mfanyakazi anayeripoti kasoro alindwe, asionekane msaliti.

Jambo la pili ni siri. Kuna wanaosema kwamba kuyajadili haya hadharani ni kumfundisha adui. Ni kweli kwamba zamu za walinzi na ramani za mtambo hazipaswi kuchapishwa. Lakini ni jambo jingine kuwaficha wananchi kama ulinzi umepimwa, kama ulifaulu, na nani aliwajibishwa uliposhindwa. Nchini Marekani kila mtambo hujaribiwa kwa shambulio la mazoezi angalau mara moja katika miaka mitatu, na Bunge hupewa taarifa ya kila mwaka, sehemu moja ya siri na nyingine ya wazi. Siri na uwajibikaji vyaweza kukaa nyumba moja.

Suala hili limekwisha kubisha hodi kwetu. Mwaka 2024 wakazi wa Uyombo, katika Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, waliandamana kupinga mpango wa kujenga mtambo wa nyuklia karibu na bahari wanayovua. Ni rahisi kusema kwamba wavuvi hawajui fizikia. Lakini swali la nani atawalinda walinzi halihitaji fizikia, na halijibiwi kwa fizikia. Linahitaji chombo cha usimamizi kilicho huru, chenye uwezo wa kisheria wa kuufunga mtambo hata kama serikali inauhitaji umeme wake, na kisichoona haya kuwaeleza wananchi kilichoharibika. Chombo hicho kijengwe na kizoeleke kabla ya zege la kwanza kumwagwa. Nchi isiyoweza kukivumilia chombo cha namna hiyo haijawa tayari kuwasha kinu, hata ikiwa na wahandisi hodari na fedha za kutosha.