Nyumba za Goma zikatiwe bima na nchi nzima

Mlima Nyiragongo, volkano iliyo karibu na jiji la Goma nchini Kongo, ulimwaga lava mwaka 1977, ukarudia Januari 2002, kisha jioni ya Jumamosi, Mei 22, 2021. Mwaka 2002 lava ilipita katikati ya Goma na kuwaacha watu wapatao 120,000 bila makao. Mwaka 2021 ilifika Buhene, ukingoni mwa jiji, ikiwa imeteketeza maelfu ya nyumba. Janga linalojirudia hivi si ajali tena, ni gharama inayojulikana. Lililobaki ni kuamua nani ailipe.

Hadi sasa mlipaji ni mwenye nyumba. Hugawiwa turubai na chakula cha dharura, kisha hujenga upya kwa mbao juu ya mawe yaleyale meusi. Sheria ya Kongo ya mwaka 2015 ilivunja ukiritimba wa Sonas, kampuni ya bima ya serikali, na kuyafungulia milango makampuni binafsi ya bima. Hatupingi ushindani. Tunapinga dhana kwamba ushindani peke yake utailinda nyumba iliyo chini ya volkano hai. Kampuni itakayowakatia bima watu wa Goma pekee itafilisika siku lava ikishuka, au itatoza ada isiyolipika.

Hispania imelipatia tatizo hili jawabu. Bima za mali nchini humo hutozwa nyongeza ndogo inayoingia katika mfuko wa umma, Consorcio de Compensación de Seguros. Volkano ya La Palma ilipolipuka Septemba 2021, mfuko huo uliwalipa wenye nyumba waliokuwa na bima, kwa fedha walizochanga pia watu wa Madrid. Iceland nayo imeifanya bima ya majanga ya asili kuwa lazima kwa majengo.

Tutaambiwa kwamba wengi Goma hawana hati ya kiwanja, sembuse ya bima. Ni kweli, ndiyo maana mfuko wa Kongo usiwe nakala ya ule wa Hispania. Uanzie kwenye bima ya magari, ambayo tayari ni ya lazima, kila gari la Kinshasa na Lubumbashi lichangie. Nao wakuu wa mitaa waandikishe kila nyumba mapema, na daftari lao litambuliwe kisheria.

Bunge litunge sheria hiyo kabla mlima haujamwaga tena. Mwaka 2002 mfuko haukuwapo, na mwaka 2021 haukuwapo. Safari ya nne wabunge hawatakuwa na udhuru.