Anayezamia Unguja Apande Boti

Wanafunzi wenzangu wawili wameniita mtoto wa matajiri. Kosa langu ni kusema darasani kwamba mtu anayetaka kuzamia Unguja apande boti, asiingie baharini kwa miguu kutoka ufukweni. Wao wanasema boti ni anasa ya watalii, na kwamba mzamiaji wa kweli hubeba mtungi wake mwenyewe akaingia majini anapotaka. Kwa kuwa wengi walicheka na mwalimu alitukatiza muda ulipokwisha, ninajibu hapa.

Mfano wao mkubwa ni Bonaire, kisiwa cha Uholanzi katika bahari ya Karibi, jirani na Venezuela. Siukatai. Bahari inayokizunguka kile kisiwa ni hifadhi tangu mwaka 1979, na kutia nanga juu ya matumbawe ni marufuku. Pwani ya magharibi imekingwa na upepo, mwamba unaanza hatua chache tu kutoka nchi kavu, na maji hupanda na kushuka kidogo sana. Mzamiaji huegesha gari kando ya jiwe lililopakwa rangi ya njano lenye jina la mahali, akavaa vifaa, akaingia. Ningekuwa Bonaire, nami ningefanya hivyo hivyo.

Lakini Unguja si Bonaire. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Pwani ya mashariki, maji yakipwa, unabaki na uwanda wa mchanga na majani ya bahari, na mwamba wenyewe uko mbali huko mawimbi yanakovunjikia. Mtungi uliojaa hewa unapita kilo 15, na kiunoni una risasi. Tembea nao huko, ukikwepa miiba ya urchini, halafu uniambie kuhusu uhuru.

Tena huo uwanda una wenyewe. Mwani ulianza kulimwa kibiashara Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980, na wakulima wengi ni wanawake. Vijiti na kamba unazoziona majini ni shamba la mtu. Anayelaumu boti kwa kuharibu bahari, kisha akapita katikati ya mwani wa mama wa watu na viatu vyake vya mpira, anachekesha.

Nasema haya kwa sababu nilifanya ujinga huo. Mimi nimezaliwa Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika. Kwetu maji hayana safari. Ulipoyaacha jioni ndipo utakapoyakuta asubuhi. (Hata lugha ilinisumbua. Nilipomwambia bibi mwenye nyumba kwamba nimekuja kujifunza kuzamia, alinihurumia, akaniuliza ni meli ipi na inakwenda Ulaya au Uarabuni.) Cheti nilikuwa nacho, cha wiki mbili. Siku ya pili baada ya mwezi mpevu, mimi na rafiki yangu kutoka Rwanda tulikodi mitungi katika duka ambalo silitaji. Hakuna aliyetuuliza tunakwenda wapi. Saa tatu asubuhi tukaingia kwenye mlango wa mwamba, tukifurahi kwamba tunasukumwa mbele bila kupiga mapezi.

Tulidhani tunaogelea vizuri. Kumbe maji yote yaliyokuwa ndani ya uwanda yalikuwa yanatoka kwa mlango ule ule, na sisi ndani yake. Tulipoibuka tulikuwa nje ya mwamba, na minazi ya kijiji imekuwa midogo. Tulijaza hewa vizibao, tukashikana mikono. Mwenzangu aliacha kuzungumza. Mzee mmoja wa ngalawa ndiye aliyetuokota, na swali lake la kwanza lilikuwa, "Wanangu, mmeingia na maji gani?" Hatukuwa na jibu. Fedha alikataa.

Swali lile ndilo ninalolipia ninapolipia boti. Nahodha anajua maji gani yanakwenda wapi, bamvua au maji mafu, kusi au kaskazi. Mkondo ukikuchukua, yeye anafuata mapovu yako, na unapoibuka chombo kipo. Kutoka ufukweni, nusu ya nguvu na hewa yako lazima uitunze kwa safari ya kurudi, na bahari haikuahidi kwamba utarudi ulipoingilia. Mwamba wa Mnemba, ambao kila mtu anautamani, nani ataufikia kwa miguu?

Nanga, ndiyo, huvunja matumbawe. Basi uliza kabla ya kulipa kama boti hufungwa kwenye boya, na wakisema hapana, tafuta nyingine. Nakubali pia kwamba Nungwi na Kendwa maji hayapwi mbali, na somo la kwanza pale mchangani linafaa sana. Hilo ni somo tu.

Bei? Kwa sisi tunaobadilisha faranga za Burundi, boti inauma. Zamia mara moja badala ya mara tatu. Likizo ijayo narudi Nungwi na nimeshaanza kuweka akiba. Nafasi moja ipo, hata kwa walionicheka.